Kuvuka Dar kwenda Unguja wakati wa kusi: bi mkubwa, mtoto na cherehani. Tujipange vipi?

MamaZu_Mbagala

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu wanaoijua bahari.

Mwezi wa saba tunahamia Unguja. Tutavuka kwa boti watu watatu: mimi, mama yangu wa miaka 68 mwenye presha na sukari ya vidonge, na mtoto wa miaka mitatu. Bi mkubwa anachafukwa hata ndani ya daladala, na magoti yanamsumbua. Mzigo ni mabegi mawili ya nguo na cherehani ya chuma yenye mota ya umeme, pamoja na meza yake. Tarehe hatujafunga, tunaweza kusogeza hata wiki mbili mbele au nyuma.

Ninachotaka kujua ni hiki. Mwezi wa saba bahari inakuwaje hasa, na kuna siku au saa iliyo nafuu? Bi mkubwa na mtoto wapewe dawa gani? Cherehani niifungeje isiingiwe na maji ya chumvi? Na tukae wapi ndani ya boti? Mmoja kaniambia juu, mwingine chini, mwingine mbele kwa kuwa kuna viti vizuri. Sijui nishike lipi.

Baharia_Mlangoni

Dada, mwezi wa saba ndio kusi lenyewe, ule upepo wa msimu. Kulikwepa huwezi, ila makali yake yanapunguzika ukijua linavyofanya kazi.

Kusi linaanza kushika mwezi wa nne kuelekea wa tano, na nguvu zake kubwa ni kati ya wa sita na wa nane. Linatoka kusini-mashariki. Sasa tazama ramani: kutoka Dar kwenda mjini Unguja chombo kinaelekea kaskazini, karibu moja kwa moja, kilomita 70 na ushei. Kwa hiyo wakati wa kwenda, mawimbi yanakujia kwa nyuma, upande wa kulia. Wimbi linainua tezi, yaani nyuma ya boti, linasukuma omo, yaani mbele, pembeni, boti inalala upande mmoja, inarudi, inalala tena. Mrama wa namna hii hauna kishindo, lakini unazungusha, na ndio unaowalewesha watu hata wale waliojiona mabingwa. Kurudi Dar ni kinyume: boti inayakabili mawimbi uso kwa uso, inapanda na kupiga chini, unasikia sakafu inagonga. Anayeogopa makelele ataogopa zaidi kurudi. Anayechafukwa na moyo hupata taabu zaidi kwenda.

Safari nzima haiko sawa. Ukishatoka mlangoni pa bandari ya Dar, mkono wa kulia ni bahari kuu tupu. Hakuna kisiwa kikubwa cha kukukinga hadi upite usawa wa Kizimkazi, ncha ya kusini ya Unguja. Hiyo ni zaidi ya nusu ya njia. Kutoka hapo kisiwa chenyewe kinaanza kukata upepo, na ukiuona mnara wa taa wa kisiwa kidogo cha Chumbe bahari imeshalegea. Kwa boti ya kasi safari nzima ni kama saa mbili, kwa hiyo mwambie bi mkubwa ajiandae kwa saa moja na robo ya mwanzo. Mtu akijua taabu ina mwisho, na mwisho wenyewe unaonekana kwa macho, hujikaza vizuri zaidi.

Saa. Usiku nchi kavu inapoa, upepo wa nchi kavu unavuta kuelekea baharini na kusi linapungua nguvu karibu na pwani. Jua likipanda mambo yanageuka: upepo wa bahari unaungana na kusi, na kuanzia saa tano hivi mpaka jioni bahari inajaa povu jeupe. Panda boti ya kwanza ya asubuhi. Tofauti ya boti ya saa moja na ya saa kumi jioni, siku hiyo hiyo, inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya wiki moja na nyingine.

Utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa kila siku taarifa ya hali mbaya ya hewa kwa siku tano. Kwa msimu huu utakutana mara nyingi na maneno haya: "angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2", kisha orodha ya mikoa ya pwani pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Ngazi ni tatu: angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Siku ya angalizo boti kubwa husafiri, ila abiria wanachafukwa. Ikipanda kuwa tahadhari, ahirisha bila kusubiri mtu akwambie. Na usidanganyike na ile mita 2. Urefu wa mawimbi kwenye utabiri huwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa kuliko mengine. Wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili yake.

Upepo ukiwa kilomita 20 kwa saa, hiyo ni siku njema kwa kusi. Kati ya 25 na 30 mtu mwepesi kulewa atalewa. Ukifika 40, msipeleke mtoto na mzee kwa sababu tu tiketi imeshalipiwa. Soma masharti ya kubadilisha tarehe kabla ya kulipa.

Na chombo kikisitishwa, kubali. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani safari za Dar na Unguja zilisimamishwa, na ilikuwa sahihi. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012, karibu na Chumbe, ikitoka Dar kwenda Unguja, upepo ukiwa mkali. Msimu ni huu huu na njia ni hii hii. Ukifika gatini ukaona chombo kimejaa kupita kiasi, watu wamekaa kwenye ngazi na njiani, usipande.

Mfamasia_wa_Temeke

Nijibu la dawa, maana hapa ndipo watu wanapokosea zaidi.

Kosa la kwanza ni kumeza dawa mtu akiwa ameshaanza kuchafukwa. Tumbo la mtu aliyelewa linasimama, kidonge kinakaa pale pale hakiingii mwilini, kisha kinatoka na matapishi. Dawa inamezwa kabla, saa moja hadi mbili kabla ya kung'oa nanga.

Kosa la pili ni kununua metoklopramidi, ile inayotolewa kwa kutapika kwa kawaida. Kulewa safarini kunaanzia ndani ya sikio, kwenye sehemu inayopima mwendo na mizani ya mwili, na dawa hiyo haigusi huko. Zinazofanya kazi ni za kundi la kuzuia histamini. Madukani kwetu utapata hasa sinarizini na promethazini.

Kwa mtu mzima sinarizini ni kidonge kimoja cha miligramu 25 saa mbili kabla ya safari. Inaleta usingizi kidogo kuliko promethazini, kwa hiyo kwa mtu wa miaka 68 mwenye magoti mabovu ndiyo ningeianza. Lakini asitumie kama ana ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson, kwa sababu inauzidisha. Promethazini ya miligramu 25 inafanya kazi vizuri, tatizo lake kwa wazee ni usingizi mzito, kuchanganyikiwa, mdomo kukauka na mkojo kugoma. Mzee aliyelewa dawa na ngazi ya boti havipatani. Dawa yoyote kati ya hizi inaweza pia kuongeza kizunguzungu kwa mtu wa presha anaposimama ghafla, basi akitaka kusimama aanze kwa kukaa wima dakika moja, ashike kitu, ndipo anyanyuke. Peleka pakiti za dawa zake zote dukani mfamasia azione kwa macho. Usimtajie majina kwa kukumbuka.

Mtoto: sinarizini haimfai, ni kwa kuanzia miaka mitano. Promethazini ya maji hairuhusiwi kabisa chini ya miaka miwili. Kwa wa miaka mitatu kipimo cha kawaida ni miligramu 5 usiku wa kuamkia safari, lakini mfamasia athibitishe baada ya kujua uzito wake na kusoma chupa yenyewe, kwa sababu nguvu ya dawa kwa kila mililita hutofautiana. Watoto wengine hawalali. Wanageuka kuwa watukutu, wanalia na kuhangaika. Kama utaitumia, jaribu siku moja nyumbani kwanza. Kama mtoto hachafukwi kwenye gari, mwache bila dawa.

Sasa sukari, na hapa nakuomba dada usome taratibu. Kama vidonge vya bi mkubwa ni glibenklamidi au gliklazidi, vinashusha sukari hata kama hajala. Akivimeza saa kumi na mbili asubuhi, akala, kisha akatapika kila kitu saa mbili, sukari itaendelea kushuka na tumboni hamna kitu. Dalili za sukari kushuka ni jasho baridi, kutetemeka, uso kupauka, kulegea. Dalili za kulewa na bahari ni jasho baridi, uso kupauka, kulegea. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Beba mashine ya kupimia na umpime. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe sukari vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji kidogo, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300, si ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Kama mashine huna, mchukulie kuwa ni sukari na umpe. Kabla ya safari uliza kliniki yake kama kidonge cha asubuhi kinaweza kusubiri mpaka mfike. Metformini peke yake haishushi sukari kwa urahisi hivyo, ila inaweza yenyewe kuchafua tumbo, na hilo nalo uliulize.

Chakula: asisafiri na njaa, na asishibe. Kikombe cha uji mwepesi na slesi moja ya mkate mkavu, saa moja na nusu kabla, vinatosha. Supu, chapati za mafuta na maziwa viacheni hadi mfike. Chai ya tangawizi inawasaidia baadhi ya watu na haina ubaya, ila isiwe badala ya dawa kwa mtu anayechafukwa hata kwenye daladala. Ndimu iliyokatwa, anuse tu. Inafunika harufu ya dizeli na ya matapishi ya jirani, na harufu hiyo ndiyo huwamalizia wengi.

Jua_la_Utosi

Kuhusu kukaa, mimi nasema juu, kwenye sitaha ya wazi. Hewa safi, unaona mbali, hakuna harufu. Ndani kukianza mmoja kutapika wanafuata kumi.

Baharia_Mlangoni

Ndugu Jua, hoja ya hewa ni ya kweli na hoja ya kuona mbali ni ya kweli zaidi, lakini juu ndiko boti inakoyumba sana. Fikiria mnazi kwenye upepo: shina halisogei, kilele kinakwenda huku na huku. Mtu mzima mwenye miguu yake anaweza kukaa juu akashika chuma. Bibi wa magoti na mtoto wa miaka mitatu hapana, na katika kusi ukingo wa kulia unapigwa na maji ya chumvi mpaka mnalowa.

Mbele ndiko kubaya kuliko kote. Chombo kinajipinda kwenye kitu kama mhimili ulio katikati, nyuma kidogo. Ukikaa omoni unapanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea. Viti vizuri havibadilishi hilo.

Kwa hiyo: sitaha ya chini, safu za katikati kuelekea nyuma, karibu na njia ya katikati au dirisha ambalo bahari inaonekana, na usiwe mbali na mlango. Msiende nyuma kabisa kwa sababu ya moshi wa injini. Kaeni mkitazama mbele. Bi mkubwa atazame mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, asitazame mawimbi ya karibu. Kazi ya mstari huo ni kwamba macho yanaona mwendo ule ule ambao sikio linausikia. Ukitazama simu, macho yanasema umetulia na sikio linasema unayumba, na tumbo ndilo linaloumia katikati. Kama hawezi kuona nje, afumbe macho kabisa na kichwa kiegemezwe kwenye kiti kisicheze. Hiyo ni ya pili kwa ubora. Mtoto msimpe simu ya katuni, hata akilia.

Ili kupata viti hivyo lazima mfike mapema, saa moja kabla. Vitambulisho mkononi, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Kitu cha kutapikia bebeni wenyewe: kopo la plastiki la lita moja lenye mfuniko wa kuzungusha, moja kwa kila mtu. Mifuko ya nailoni ya kubebea ilipigwa marufuku bara tangu Juni 2019, na visiwani kabla ya hapo, kwa hiyo msitegemee mtapewa. Kopo linafungwa, halinuki, na halimwagiki boti ikilala.

Fundi_Cherehani_Kkoo

Cherehani sasa. Maadui ni wawili: maji ya chumvi yanayorushwa juu ya mzigo, na kugongwa wakati wa kupakia. Mvua mwezi wa saba si tatizo kubwa, masika yameshapita.

Tenganisha vitu vitatu: kichwa, mota na pedali, meza. Usisafirishe kichwa kikiwa kimekaa mezani. Kinashikwa na bawaba mbili tu za nyuma, meza ikiegemezwa upande kinapinduka na bawaba zinavunjika.

Toa mkanda wa mota. Fungua skrubu ya mota ukaitoe na taa yake. Pindua kichwa kwa nyuma, legeza skrubu mbili za bawaba chini, kiinue. Kichwa cha chuma kinakaribia kilo 12, kwa hiyo wawe watu wawili, kisishikwe kwa gurudumu. Toa sindano, uzi, bobini na kasha lake. Sehemu ya bobini isafishe kwa brashi mpaka vumbi la uzi lote litoke, kwa sababu vumbi hilo linanyonya unyevu wa chumvi na kutu inaanzia hapo hapo. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu la mafuta, zungusha gurudumu kwa mkono mara ishirini hivi. Kisha chukua kitambaa chenye mafuta kidogo upake sehemu zote zinazong'aa: kinara cha sindano, mguu, bamba la chini, ukingo wa gurudumu. Utando mwembamba tu, isichuruzike. Shusha mguu juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne ili usicheze.

Kufunga: ndani kitambaa kikavu cha pamba, si gazeti. Gazeti linavuta unyevu na kuushikilia kwenye chuma. Juu yake nailoni nzito, ile inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mita mbili zinatosha kwa mizunguko miwili. Mkunjo wa mwisho uangalie chini, na kila ukingo upigwe selotepu pana. Halafu sanduku la mbao, chini na pembeni ukiweka vipande vya sponji ya godoro vya sentimita 5. Boksi la karatasi likilowa mara moja linafumuka, na kilo 12 zinapita chini.

Mota na pedali viweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, ya lita 10. Vifungwe kwanza kwa kitambaa visigongane. Ndoo hiyo shika mwenyewe, usiikabidhi kwenye mizigo.

Meza ya mbao halisi haina shida. Lakini kama ubao wake ni wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kingo zikilowa zinavimba na hazirudi. Funga kingo zote nne kwa nailoni na selotepu.

Pale gatini elewana bei na mpagazi kabla hajagusa mzigo, chukua mwenye sare na namba, na umwambie sanduku likae ndani, lisiwe mbele kwenye sitaha ya wazi, na lisiwe chini kabisa kwenye sakafu ambako maji hutiririka. Andika JUU kwa rangi pande zote nne.

Ikitokea mota imelowa maji ya bahari, usiichomeke umeme hata kwa kujaribu. Ioshe kwa maji baridi safi, kwa sababu chumvi ikikauka ndani inabaki inakula shaba. Ikaushe kivulini mbele ya feni siku mbili tatu, kisha fundi wa umeme apime kama umeme unavuja kwenye bodi. Kuizika kwenye mchele hakutoi chumvi.

MamaZu_Mbagala

Asanteni sana, mmenifungua macho, hasa hilo la sukari. Vidonge vyake ni glibenklamidi kweli. Kesho naenda naye kliniki.

Nimebaki na mawili. Meli kubwa ya mizigo na magari ingekuwa nafuu kuliko boti ya kasi? Na ndege ndogo je? Halafu hizo ngazi za kupandia, kwa magoti yake, ndizo zinazonipa wasiwasi kuliko mawimbi.

Mwana_wa_Mkoani

Meli kubwa inayumba polepole, boti ya kasi inayumba haraka haraka. Wako wanaoipenda ya kwanza, lakini ubaya wake ni kwamba utakaa baharini karibu mara mbili ya muda, na dakika za kuchafukwa zinaongezeka hivyo hivyo. Kwa Dar na Unguja boti ya kasi ya asubuhi inatosha. Ndege ni dakika 20 tu na mzee atashukuru, ila mzigo kwenye ndege ndogo mara nyingi una mwisho wa kilo 15 kwa mtu, kwa hiyo cherehani itasafiri peke yake kwa njia ya maji hata hivyo.

Kwa wanaosoma na wanakwenda Pemba: msichukulie ushauri huu kama ulivyo. Unguja iko kwenye maji mafupi ya bara, Pemba imetenganishwa na bara kwa mlango wenye kina cha mamia ya mita. Ukishaipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, unatoka kwenye kivuli cha kisiwa na kuingia kwenye mawimbi marefu ya bahari kuu, na huko hakuna Chumbe ya kukuambia umefika. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea huko, usiku, ikiwa imejaza kupita uwezo. Safari ya Pemba iwe ya mchana, na dawa ya kuchafukwa imezwe kwa kuhesabu saa za njia nzima.

Baharia_Mlangoni

Dada, swali la ngazi linajibiwa na mwezi, na kwa bahati nzuri jibu lake linasaidia na mawimbi pia.

Maji ya kwetu yanapanda na kushuka kama mita 4 wakati wa bamvu, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, na kidogo sana wakati wa maji mafu, yale ya nusu mwezi. Gati ikiwa inaelea, daraja la kupandia linalala karibu sawa maji yakijaa, na linakuwa mteremko mkali yakipwa. Hiyo ndiyo inayowatesa wenye magoti. Mkipata mteremko, bi mkubwa ashuke kinyumenyume akishika chuma kwa mikono miwili, na wewe ukae chini yake, si juu yake. Mtoto abebwe na mtu mwingine.

Halafu mkondo. Maji yakipwa, upande huu wa kusini wa mlango wa Unguja yanatoka kuelekea kusini, yaani yanakutana ana kwa ana na kusi. Upepo ukigongana na mkondo mawimbi yanasimama, yanakuwa mafupi na makali. Maji yakijaa yanakwenda pamoja na upepo, na mawimbi yanalala. Si tofauti kubwa kama ya saa ya kusafiri, lakini mwili unaihisi.

Jaketi okozi la mtoto nalo liulize mara tu mkikaa, kabla ya kuondoka. Liwe la saizi ya mtoto, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Jaketi la mtu mzima linamtoka mtoto kichwani akiingia majini.

Umesema tarehe bado. Mlikuwa mnafikiria lini?

MamaZu_Mbagala

Nimetazama kalenda ya Kiislamu. Siku tuliyoitaka inaangukia mwezi 16, boti ya saa moja asubuhi. Nilidhani mwanga wa mwezi mpevu ungetufaa alfajiri tukitoka nyumbani.

Baharia_Mlangoni

Mwezi 16 ni bamvu lenyewe. Kwetu bamvu hujaa saa kumi na kitu alfajiri na kupwa saa nne na kitu asubuhi. Saa moja mtakapotoka maji yatakuwa yanatoka kwa nguvu zake zote, dhidi ya kusi. Na mtakapofika bandari ya Malindi, mjini Unguja, saa tatu, maji yatakuwa karibu na mwisho wa kupwa, daraja limesimama.

Sogeza wiki moja, mwezi 23. Hapo ni maji mafu: yamepwa alfajiri saa kumi hivi, yanajaa hadi saa nne asubuhi. Mtasafiri na maji yanayoingia, na bi mkubwa atashuka yakiwa yamekaribia kujaa. Ikifika siku tatu kabla, fungua taarifa ya TMA uangalie kama kuna angalizo. Kama lipo, mwezi 24 na 25 bado ni maji mafu.